Tuzipime Taa za Mimea kwa Mavuno

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sijui wangesema nini lau wangeishi hadi zama hizi ambapo kizuri na kibaya vyote viwili vinajitembeza, tena kwa rangi zile zile na kwa sauti ile ile. Mathalan, taa za LED za kukuzia mimea ndani ya nyumba, ambazo siku hizi mtu huziagiza kwa simu zikamfikia mlangoni kwa pikipiki, huja katika maboksi yenye maandishi yanayofanana kama mapacha: wati elfu moja, saa elfu hamsini, mwanga sawa na wa jua. Mnunuzi hana budi kuchagua, na aghalabu huchagua kwa macho. Mimi nadai kwamba katika jambo hili macho ndiyo kipimo kibaya kuliko vyote, na nawaandikia hasa walimu wa sayansi na wa kilimo, pamoja na wanafunzi wao, kwa kuwa hao ndio wenye mizani, vikopo na subira ya kupima.

Kilichonisukuma kushika kalamu ni barua ya kuomba mkopo. Kikundi cha vijana wa hapa petu Shelly Beach, upande wa Likoni, waliniletea barua hiyo niwasahihishie lugha kabla ya kuipeleka kwa wakopeshaji. Lugha yao ilikuwa nzuri. Walikusudia kununua taa kumi, kukodi chumba kimoja nyuma ya duka, na kukuza humo mchicha na letusi za kuuziwa hoteli za Diani. Nilipofika katikati ya barua nikajikuta nimeiacha lugha na kuanza kusahihisha hesabu.

Kabla ya kuingia katika hesabu hizo, kuna jambo ambalo itakuwa unafiki kulinyamazia. Taa hizi hazikupata umaarufu wake duniani kwa letusi. Zilipata umaarufu kwa bangi. Nchini Kanada, ambako matumizi ya bangi kwa watu wazima yalihalalishwa Oktoba 2018, na katika baadhi ya majimbo ya Marekani, zao hilo hukuzwa ndani ya majumba yasiyo na dirisha, na biashara kubwa ya taa ikazuka kulihudumia. Video zinazowafikia vijana wetu zinatoka huko, na maneno ya wauzaji yanatoka huko. Kwetu Kenya, sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya inaharamisha kulima mmea huo, uwe shambani au chini ya kitanda, na kijana anayedhani kwamba taa ya kisasa imeubadilisha mmea kuwa teknolojia atakuja kuelezwa vingine mahakamani. Mwalimu amwambie hivyo waziwazi. Hata hivyo, itakuwa vibaya kukataa elimu iliyopatikana huko kwa sababu tu ya zao lililoileta. Wakulima wale walitumia fedha nyingi, wakadanganywa sana, na hatimaye wakajifunza kuuliza swali moja tu la haja: taa hii, kwa umeme iliokula, imenipa gramu ngapi?

Swali hilo ni la mkulima wa kweli. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila mwanafunzi wa biolojia alijue. Waliiweka mimea ya bangi chini ya taa za LED kwa viwango tofauti vya mwanga, kuanzia hafifu hadi kiwango kinachokaribia jua la adhuhuri. Waligundua kwamba mavuno yaliongezeka sawia na mwanga, bila kufika kilele, lakini nguvu ya kemikali iliyomo katika ua haikuongezeka. Wauzaji walikuwa wakiahidi yote mawili kwa pumzi moja. Mizani na maabara zikatenganisha kweli na uongo. Kabla ya hapo, mwaka 2012, mtafiti Evan Mills alikuwa amekadiria kwamba kilimo cha bangi ndani ya nyumba nchini Marekani kilikuwa kinakula kama asilimia 1 ya umeme wote wa nchi hiyo. Hebu fikiri, msomaji, taifa kubwa kama lile, na senti moja katika kila dola ya umeme inakwenda kuuiga mwanga ambao sisi tunaukimbia kwa miavuli!

Sasa tuje kwenye macho. Jicho la binadamu halikuumbwa kuhesabu mwanga kwa haki. Linaipendelea rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 555 hivi, na linaudharau wekundu wa mbali na ubuluu. Kipimo cha lumeni kinachoandikwa kwenye balbu za nyumbani kimefuata udhaifu huo wa jicho, kwa kuwa balbu ya nyumbani kazi yake ni kumhudumia mwenye jicho. Jani lina mahitaji mengine. Katika usanisinuru, jani hutumia chembe za mwanga, yaani fotoni, zilizo kati ya nanomita 400 na 700, na mtafiti K. J. McCree alionyesha mwaka 1972, baada ya kupima majani ya mimea mingi ya chakula, kwamba rangi zote za eneo hilo zina kazi, nyekundu ikiongoza. Ile hadithi kwamba kijani hakina faida kwa mmea, ambayo imo hata katika madaftari ya wanafunzi wazuri, haina msingi. Jani hurudisha sehemu tu ya kijani na kukitumia kingi kilichobaki.

Kwa hiyo taa ya mmea hupimwa kwa idadi ya fotoni inazotoa kwa sekunde, na wanasayansi huzihesabu kwa maikromoli kama muuza nazi anavyohesabu kwa korija. Taa mbili zinaweza kuonekana zinang'aa sawasawa mbele ya macho yetu, moja ikawa inamshibisha mmea na nyingine inamshindisha njaa. Na ile taa ya zambarau inayowavutia wengi, ambayo hukifanya chumba kionekane kama ukumbi wa disko, huenda ikawa nzuri au mbaya. Rangi yake haikwambii kitu. Hata taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni taa ya buluu iliyopakwa unga wa kuigeuza rangi, na ni kwa uvumbuzi wa taa hiyo ya buluu kwamba Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014.

Baada ya rangi huja wati. Boksi moja ambalo vijana wale walinionyesha lilikuwa limeandikwa 1000 kwa tarakimu kubwa. Chini yake, kwa maandishi ya kumtesa mzee, palikuwa na maelezo kwamba taa hiyo ni "badala ya" wati 1000. Je, ilikuwa ikila wati ngapi kwa hakika? Hakuna haja ya kumbembeleza muuzaji. Mita za tokeni tulizo nazo majumbani zina kitaa chekundu kinachopepesa, na juu ya mita pameandikwa ni mara ngapi kinapepesa kwa kila uniti moja ya umeme. Ya kwangu imeandikwa 1000. Tulizima kila kitu nyumbani, friji ikiwemo, tukawasha taa hiyo peke yake, na kijana mmoja akashika saa. Kitaa kilipepesa mara moja kila baada ya sekunde 36. Kwa saa moja ni mara 100, yaani sehemu ya kumi ya uniti, yaani wati 100. Mwanafunzi wa gredi ya 8 anaweza kuifanya hesabu hiyo, na sioni kwa nini isifanywe katika kila shule yenye umeme.

Tuendelee na wati zetu 100. Taa nzuri ya LED ya siku hizi hutoa kama maikromoli 2.5 za fotoni kwa kila wati katika kila sekunde. Tuipe hii sifa hiyo, ingawa naishuku. Tutapata maikromoli 250 kwa sekunde. Ikiwaka saa 16 kwa siku, itakuwa imetoa moli 14.4, na tuchukulie kwa ukarimu kwamba zote zimeangukia juu ya kitanda cha mita moja mraba bila kupotea ukutani. Kiasi hicho kinaitosha letusi. Jua la Likoni, kwa upande wake, katika siku isiyo na mawingu mengi, huangusha juu ya mita hiyo hiyo kama moli 40. Yaani jua linatoa karibu mara tatu ya taa, wala halina tokeni. Na mchicha, ambao ndio ulioongoza katika barua ya vijana, ni katika mimea inayolipenda jua kali kuliko letusi, kwa kuwa namna yake ya kunasa hewa ya kaboni ni ile ya jamii ya mahindi na miwa. Kuutoa mchicha juani ukauwekea taa ni kama kumtoa samaki baharini ukamwekea bakuli.

Fedha nazo zihesabiwe. Wati 100 kwa saa 16 ni uniti 1.6 kwa siku, uniti 48 kwa mwezi. Tukadirie shilingi 30 kwa uniti, kodi na makato yote ndani. Taa moja itakula shilingi 1,440 kwa mwezi, na taa kumi shilingi 14,400. Fungu la mchicha likiuzwa shilingi 20, yatahitajika mafungu 720 kila mwezi kulipia umeme peke yake, ambayo ni mafungu 72 kutoka kila mita mraba, kabla ya kodi ya chumba, mbegu, maji, na riba ya mkopo. Aliyewahi kulima mchicha hahitaji kuelezwa zaidi.

Huenda msomaji akauliza kwa nini basi wenzetu hutumia taa hizi na kufaulu. Wanafaulu pale ambapo tokeo wanalolitafuta linalingana na gharama. Nchi zenye majira ya baridi hukosa jua kwa miezi. Na hapa kwetu Kenya mfano bora unapatikana katika mashamba ya maua ya nyanda za juu, ambako taa huwashwa usiku bila nia yoyote ya kuulisha mmea. Krisanthemamu ni mmea unaochanua usiku unapokuwa mrefu, na sisi tulio karibu na Ikweta usiku wetu ni mrefu wa kutosha mwaka mzima. Hapa Mombasa tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni takriban nusu saa tu. Mkulima anayetaka mimea mama iendelee kutoa vipandikizi bila kuchanua huukatiza usiku kwa saa chache za mwanga hafifu, na mmea hudanganyika ukadhani siku ni ndefu. Elimu hiyo ina zaidi ya miaka mia moja, tangu Garner na Allard walipoichapisha huko Marekani mwaka 1920. Katika kazi hiyo, taa ndogo nyekundu ya LED inaweza kufanya kilichofanywa na balbu kubwa ya joto kwa sehemu ndogo ya umeme, na tokeo lake linaonekana dhahiri: mmea umechanua au haukuchanua. Taa ile ile ikipelekwa kukuza mchicha itashindwa vibaya. Ndiyo maana nasema swali "taa gani ni nzuri?" halijakamilika mpaka useme unataka ikufanyie nini.

Isitoshe, nchi hii inayo historia ya kuzipima bidhaa za namna hii, na inafaa wanafunzi wajue historia hiyo. Katika miaka ya 1990 maelfu ya familia za mashambani zilinunua paneli ndogo za sola kwa fedha zao wenyewe, na wengi walikuwa walimu waliotaka televisheni na taa ya kusahihishia madaftari. Mwaka 1999 watafiti, Arne Jacobson na Daniel Kammen wakiwa miongoni mwao, walizipima paneli za bei nafuu zilizokuwa zikiuzwa hapa nchini na kuona kwamba nyingi zilikaribia wati zilizoandikwa, lakini aina moja ilikuwa chini sana. Miaka ya 2004 na 2005 ikabidi wapime tena, maana mbovu nyingine zilikuwa zimekwisha kuingia. Mnunuzi wa kawaida hangeweza kugundua, kwa sababu paneli mbovu nayo huwasha taa, ila huiwasha kwa muda mfupi zaidi, na lawama humwendea fundi au mawingu. Baadaye, taa za sola za mkononi zilipofurika, mpango wa Lighting Africa wa Benki ya Dunia na shirika lake la IFC, ambao ulianzia Kenya na Ghana, ulianza kuzijaribu taa hizo kwa matokeo: zinawaka saa ngapi baada ya kuchajiwa siku moja, zinastahimili kuanguka, na je, maandishi ya boksi ni ya kweli? Mwanafunzi aliyesomea taa nzuri ya sola badala ya koroboi alinufaika na upimaji huo bila kuusikia.

Taa za mimea zinastahili ukali huo huo, na maabara ya shule inatosha kuuanza. Chukua masinia mawili yenye udongo wa fungu moja na mbegu za pakiti moja. Moja liweke chini ya taa, jingine nje pale ambapo mkulima wa kawaida angelima. Wape maji kwa kopo lile lile. Mkiwa na taa aina mbili, yabadilishane masinia nafasi kila juma ili upepo wa dirishani usije ukaipa taa moja sifa isiyo yake. Siku ya kuvuna, msihukumu kwa urefu! Mche ulionyimwa mwanga hurefuka haraka kwa kuutafuta, ukawa na shina jembamba na majani madogo ya kupauka, na nimewaona watu wazima wakiusifu kwa "kukua vizuri". Kateni, pimeni uzito, kisha kausheni kabisa na mpime tena, kwa kuwa maji si mavuno. Hatimaye gawanyeni gramu kwa uniti za umeme zilizotumika. Wale wakulima wa Kanada na Marekani walizoea kusema gramu kwa wati, nami nakiona kipimo hicho kuwa pungufu, kwani hakitaji muda: taa iliyowaka miezi minne na iliyowaka miwili zinaweza kutoka sare. Uniti ina wati na saa ndani yake, tena ndiyo tunayoilipia.

Fauka ya hayo, jaribio lifanywe hapa hapa pwani na lidumu. Zile saa 50,000 za kwenye boksi ni zaidi ya miaka minane kwa kuwaka saa 16 kila siku, na ni dhahiri kwamba taa iliyotengenezwa mwaka jana haijajaribiwa miaka minane. Viwandani hupima vipande vya LED kwa saa elfu kadhaa, kwa kawaida 6,000 au zaidi, kisha hukadiria yaliyobaki. Tena hupima kipande chenyewe katika joto linalodhibitiwa. Chumba cha bati cha Likoni mwezi wa Machi hakidhibitiwi na mtu, na joto ndilo linaloizeesha taa ya LED. Juu ya hilo kuna chumvi. Anayeishi Shelly Beach anajua jinsi upepo wa kusi unavyokula bawaba za milango, redio na baiskeli, na sanduku dogo la umeme lililo nyuma ya taa, ambalo kwa kawaida huharibika kabla ya taa yenyewe, halina kinga ya kipekee dhidi ya bahari.

Vijana wangu hawakuipeleka ile barua. Walinunua taa moja kwa fedha za mchango, wakaotesha masinia mawili ya mchicha kama nilivyoeleza, na siku ya thelathini wakayapima kwenye mizani ya muuza samaki. La nje lilikuwa zito zaidi kwa mbali, ingawa pembe moja ilikuwa imeliwa na kuku wa jirani na haikuhesabiwa. La ndani lilikuwa safi, halina konokono wala tundu la mdudu, jambo ambalo mwenye hoteli angelilipia, lakini si kwa bei inayofikia shilingi 1,440. Walichoamua ni kununua wavu wa kivuli na mabomba ya matone, vitalu vikae nje, na chumba wasikikodi. Taa wameiweka kwa ajili ya miche midogo wakati wa masika, mvua inapopiga siku tano mfululizo na mbegu kuoza kitaluni. Wanaiwasha saa chache, na kila jioni mmoja wao huandika daftarini idadi ya uniti zilizobaki kwenye mita.